Khisa Wepukhulu, Magoli Arobaini na Moja

Mliokuja kumzika Murunga mmekosea matanga. Murunga tulimzika zamani. Huyu aliyelala hapa ni mdogo wake, Khisa Wepukhulu.

Khisa alizaliwa mwaka 1921 huko Ziwa, katika shamba la mzungu ambako baba yetu, Mzee Wepukhulu, alikuwa akiendesha ng'ombe wa plau. Alifanana na Murunga hadi mama alikuwa anawachapa wote wawili ili asikosee mwenye makosa.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mwaka 1939 alimfuata Murunga Eldoret, wakapakia mahindi stesheni. Wapakiaji hao ndio walioanzisha klabu ya Sosiani, miguu mitupu, mpira wa matambara. Baadaye wenye maghala wakawalipa wacheze tu. Khisa alicheza katikati, Murunga kushoto. Murunga alifunga magoli arobaini na moja, na enzi za uhai wake hakuna aliyemkaribia.

Mwaka 1945 Khisa alimwoa Nelima kanisani. Nelima anasema alimpendea unyamavu. Kwa ukoo wetu hiyo ni ajabu kweli.

Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1947, Sosiani wakicheza Timboroa, radi ilimpiga Murunga uwanjani. Alikuwa ameinua mkono kuomba mpira.

Baada ya hapo Khisa akifunga, watu walipiga kelele za "Murunga!" Kwanza walikosea, halafu wakazoea. Kwetu jina la marehemu haliitikiwi na mtu mwingine, lakini Khisa aliitika. Akaanza kupiga pasi kushoto, mahali hakuna mtu. Kapteni wao, Kibet, akamfokea, "Wewe, unampa nani huko?"

"Ameomba," Khisa akasema.

Tangu siku hiyo hakuna mchezaji aliyekubali kusimama upande ule.

Mwaka 1951 Khisa naye alifikisha magoli arobaini na moja. Mechi iliyofuata, na Cheptiret, akapewa penalti. Aliupiga mpira kushoto, mbali kabisa na goli. Watu walimtukana mpaka mama yake. Akavua jezi, akaenda nyumbani, akamwambia Nelima, "Hilo lilikuwa lake." Hakucheza tena.

Alirudi kwenye magunia, na mwaka 1953 kifua kikamshika. Hospitalini alimwomba mke wake, "Niite."

"Khisa."

"Tena."

Nelima alimwita mpaka sauti ikakauka. Khisa alifariki Jumapili, tarehe 10 Oktoba 1954, mchana, Nelima akiwa bado anamwita.

Jana Bwana Phineas, karani wa klabu, alituletea msalaba ulioandikwa: Murunga, mfungaji mkuu, magoli themanini na mawili. Wamewajumlisha ndugu wawili kama magunia.

"Ndilo jina watu wanalolijua, Mama," akamwambia Nelima.

"Basi kamzikeni huyo mnayemjua. Mimi namzika mume wangu."

Bwana Phineas aliondoka na msalaba wake. Wetu ameuchonga fundi wa hapa Ziwa, na umeandikwa Khisa.

Marehemu ameacha mama yake, mjane Nelima, mabinti Selpha na Mary, mimi dada yake Rosebella, na Sosiani nzima, watu wasio na adabu lakini waliompenda.

Jeneza likishuka, mwiteni Khisa, wote, kwa sauti ya uwanjani. Mungu ampokee na ampumzishe kwa jina lake mwenyewe.