Bi Kauthar na Ukurasa wa Sitini na Moja

Baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi minane ya kusahihisha prufu kabla hazijachapwa, Bi Kauthar Msabaha anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Katika muda huo kila kitu cha Kiswahili kilichotoka kwenye mashine zetu za kuchapa kimepita mikononi mwake, kuanzia vitabu vya shule mpaka maboksi ya dawa ya meno. Faili lake la utumishi lina karatasi moja tu ya onyo. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida hili nimuage, na sehemu kubwa nitaitumia kueleza karatasi hiyo, kwa sababu mimi Maulid, mpanga kurasa wenu, ndiye ninayejua iliingiaje humo.

Bi Kauthar hakuja Guangzhou kutafuta ajira. Alikuja mwaka 2003 kutoka Unguja kununua magauni kwenye soko la Shisanhang, na katika mizigo yake akaagiza kwetu kalenda elfu moja za Ramadhani. Kalenda zilipotoka akakuta saa za kufuturu zimepangwa kwenye safu ya kufunga. Angezisambaza, nusu ya Mji Mkongwe wangefuturu alfajiri. Aligoma kutoka kiwandani. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi siku mbili, na chupa yake ya chai, mpaka kazi yote ikarudiwa. Laoban Liang, mwenye kiwanda, alihesabu hasara yake, kisha akamwambia ni nafuu amwajiri kuliko kuwa naye mteja. Machi 2004 akaanza kazi.

Waliofanya kazi naye wanajua vituko vyake. Prufu ya mwisho huisoma kuanzia ukurasa wa nyuma kuja mbele, kwa sauti, rula ikiwa chini ya mstari, na ukimsemesha katikati anaanza upya ili ujute. Siku ya kuchapa huchukua shiti moja ingali na joto la mashine, huikunja mwenyewe mpaka ipatikane sehemu ya kurasa kumi na sita, hukata kingo kwa rula ile ile, halafu huisoma kabla hajanywa chai. Sisi vijana tulikuwa tukicheka. Prufu si ilishatiwa sahihi? Anasoma nini tena?

Sahihi yake ilikuwa ngumu kuipata kuliko tiketi ya treni wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Ukimharakisha alikujibu kwa Rhode Island. Kila mtu hapa ameshaambiwa kwamba jimbo hilo la pwani ya Amerika, dogo kuliko yote, lilimkana mfalme wa Uingereza tarehe 4 Mei 1776, miezi miwili kabla ya wenzake. Na ilipokuja katiba ya nchi mpya, likakaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila kuiridhia, mpaka likawa la kumi na tatu kati ya majimbo kumi na matatu. "Na jimbo bado lipo," humalizia, huku akirudisha kofia ya kalamu.

Hayo yote aliyajua kutokana na kitabu kimoja, na hicho ndicho kilichozaa karatasi ya onyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 tulipokea oda kupitia duka la simu la Fifi, Mkongo wa hapa mtaani Dengfeng. Dada yake, Albertine, mwalimu wa Bukavu, alikuwa amehamia Providence, mji mkuu wa Rhode Island, pamoja na familia nyingi za Wakongo. Watoto wao walikuwa na darasa la Kiswahili kila Jumamosi, na yeye, mwalimu wao, akaandika nao historia ya jimbo lile ili wazazi nao wasome. Ndani yake kulikuwa na mhubiri aliyefukuzwa Massachusetts akaanzisha mji ambao kila mtu angeabudu apendavyo. Kulikuwa na viwanda vya pamba, na meli za Providence zilizofika papa hapa Guangzhou kununua chai, wakati maghala ya Shisanhang yalikuwa ya wafanyabiashara wa nje na si ya magauni. Vitabu elfu tatu vilitakiwa vifike kabla ya tarehe 4 Mei, siku ya sherehe yao. Kontena lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki ile ile tuliyochapa.

Mimi nilikuwa na mwezi wa nne kazini, bado kwenye majaribio. Niliandika kwenye karatasi ya kazi kwamba kitabu ni kurasa tisini na sita, yaani shiti sita kamili, na karatasi ikakatwa kwa hesabu hiyo. Jumatatu jioni, prufu ikiwa imeshatiwa sahihi na Bi Kauthar, nikagundua kuwa nilisahau kuhesabu ukurasa wa jina la kitabu. Zilikuwa tisini na saba. Ukurasa mmoja ukizidi, unadai shiti nzima.

Ningeweza kwenda kusema. Sikwenda, niliogopa kufukuzwa. Nilitafuta ukurasa unaojitegemea, usioacha sentensi ikining'inia, na nikapata miwili. Mmoja ulikuwa picha ya kuku mwekundu, kwa kuwa kuku ndiye ndege rasmi wa jimbo la Rhode Island. Wa pili, wa sitini na moja, ulieleza meli za Newport zilizopeleka ramu Afrika Magharibi, zikabeba watu hadi Karibiani, na makaburi ya Waafrika yaliyopo Newport mpaka leo, mawe yake yakiwa na majina. Picha ya kuku ilikuwa nzuri mno. Nikauondoa wa sitini na moja, nikabadilisha namba, nikatoa prufu upya na kuiweka chini ya jalada lile lile lenye sahihi ya Bi Kauthar. Kisha nikapeleka mabamba ya kuchapia kwenye mashine.

Jumanne asubuhi mashine ilikuwa kwenye shiti ya nne. Bi Kauthar akachukua ya kwake, akaikunja, akaanza kusoma. Nilikuwa namtazama kutoka mezani kwangu. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Akafungua mswada. Halafu akatoa simu akampigia Albertine, kule ikiwa jioni ya Jumatatu, akamuuliza kama yeye ndiye aliyeagiza ukurasa ule utolewe. Simu ilikuwa kwenye spika na wote tulisikia jibu.

"Hapana, mama. Ile page njo batoto baliiandika beniewe. Balienda ku cimetière, kule ku makaburi, balisoma majina ku mawe moja moja. Munaitoa juu ya nini?"

Bi Kauthar alikata simu, akaja mezani kwangu. Aliweka ule ukurasa wa picha mbele yangu, akaupapasa mkunjo wake kwa kidole.

"Umemwacha kuku, mwanangu, ukatoa watu," akasema taratibu.

Hakungoja nijibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine akabonyeza kitufe chekundu. Mnajua mashine ile ikisimama ghafla kiwanda kizima kinavyonyamaza. Laoban Liang akatoka ofisini, na mkononi alikuwa na prufu yenye sahihi.

Lazima mwelewe jambo moja hapa. Kibali cha kazi cha Bi Kauthar kilikuwa kinakwisha Jumamosi ile ile. Fomu za kukihuisha zilikuwa mezani kwa Laoban, zimebakiza muhuri tu. Bila muhuri, alikuwa anafunga mizigo kurudi Unguja baada ya miaka kumi na nne, na hakuna mtu hapa aliyekuwa halijui hilo. Mimi nilikuwa nalijua.

"Mei you, hakuna muda," Laoban alisema. "Endesha mashine."

"Washa wewe, Laoban," Bi Kauthar akajibu, mkono ukiwa bado kwenye kitufe. "Mimi siwashi. Ukurasa wa watoto haumo, na mwenye kitabu hakuulizwa."

Laoban akainua jalada la prufu hadi usawa wa macho yake. Akauliza sahihi ile ni ya nani.

Bi Kauthar alinitazama. Alijua, nami nilijua kuwa anajua, na nilikuwa na nafasi ya kufungua kinywa nikasema neno moja. Nilitazama sakafu.

"Yangu," akasema.

Hakusema uongo. Sahihi ilikuwa yake kweli.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko majaribio yangu yote. Laoban aliruhusu ukurasa urudishwe, lakini fomu alizifungia kwenye droo na kutangaza kwamba atapiga muhuri, au hatapiga, baada ya kuona kontena limefungwa. Bi Kauthar aliurudisha ukurasa wa sitini na moja mahali pake, mabamba yakatengenezwa upya, na zikabaki kurasa kumi na tano tupu za shiti ya saba. Alimpigia Albertine tena, wakakubaliana zipigwe mistari, kila familia iandike yenyewe ilivyofika Rhode Island. Mimi nilipanga ile mistari. Nilifanya kazi kama mbwa anayekimbizwa, nikidhani jasho litatosha badala ya maneno.

Ijumaa saa nane mchana lori liliondoka na vitabu vyote elfu tatu. Saa tisa Bi Kauthar aliitwa ofisini. Kwa mujibu wa Hadassa, karani wetu, karatasi mbili zilikuwa mezani. Moja ilikuwa onyo la kupitisha prufu yenye upungufu, na nyingine fomu ya kibali. Atie sahihi karatasi ya kwanza, Laoban apige muhuri ile ya pili. Mwanamke ambaye hutusomea hata maandishi ya kifuniko cha maji kabla ya kunywa, alitia sahihi lile onyo bila kulisoma.

Jioni nilimsubiri getini nikitaka kuomba radhi. Akaniwahi kwa kuniuliza kama nimekula. Tulikwenda mtaa wa Xiaobei, akaninunulia wali na samaki, na kila nilipoanza kusema akaniongezea samaki. Tangu siku hiyo hajawahi kuligusia, si kwa utani, si kwa hasira. Wageni wakija kiwandani husimuliwa kwamba hata Bi Kauthar alikosea mara moja, na yeye hucheka pamoja nao. Mimi nimecheka pia. Miaka saba na zaidi nimecheka pamoja nao, na ninaona aibu.

Mwaka 2020 wapiga kura wa Rhode Island waliondoa kwenye jina rasmi la jimbo lao maneno ya mwisho yaliyowakumbusha mashamba ya watumwa. Albertine akaagiza toleo la pili lenye jalada jipya. Bado ni shiti saba, kurasa mia moja na kumi na mbili. Zile kumi na tano zimejaa, hazina mistari tena, zina habari za familia kumi na tano. Ukurasa wa sitini na moja upo mahali pake. Kuku naye yupo.

Tunamshukuru Bi Kauthar kwa vijana tisa aliowafunza kusoma kwa rula, kwa futari za kila Ramadhani ofisini kwetu kwenye jengo la Tianxiu Dasha, na kwa makosa yetu yote ambayo hayakuwahi kufika kwa mteja. Nampa shukrani zangu peke yangu kwa neno lile moja, na naomba radhi hapa, mbele ya kila anayesoma, kwa sababu hapa hawezi kuniongezea samaki.

Jarida hili lina upande wa Kichina, na Hadassa, anayeutafsiri, ameniahidi kuwa hatapunguza hata mstari. Kwa hiyo Laoban Liang utasoma. Prufu niliibadilisha mimi. Kabla ya Ijumaa tafadhali fungua faili la Bi Kauthar, toa ile karatasi, uiweke kwenye langu. Hadassa alinionyesha, nimeshaisoma, na nimeitia sahihi.

Bi Kauthar, nenda salama Unguja, ukapumzike ukiwa na faili safi. Uishi vyema, mama yetu, na chai yako uinywe kabla hujasoma chochote.