Kioo Kilichofifia

Treni ilimbembeleza fundi cherehani kama mtoto, akaegemeza kichwa dirishani. Macho yalilala, masikio yakakataa. Nyuma yake bibi mmoja na kijana, wasiojuana, walibishana juu ya tableti ya bibi.

"Bibi, hii imechoka, kioo kimefifia. Nunua mpya."

"Mbona inawaka? Mwanangu yuko ng'ambo, namwona humu humu."

"Kwenye mpya utamwona vizuri, hadi mvi zake."

"Ndizo nisizotaka kuziona, mjukuu wangu. Humu bado ni yule kijana niliyemsindikiza."

"Na yeye je, hataki umwone alivyo sasa?"

Treni ikasimama. Fundi akashuka polepole, nusu yake bado ndotoni, akatoa simu akampigia mama yake.