Nimekuachia Brashi Safi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Severa Lyaruu, Mama Matilda, fundi wa picha kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Msimbazi, Kariakoo. Amezikwa Ijumaa iliyopita kwao Marangu.

Kama umewahi kufiwa hapa mjini, huenda unaijua kazi yake bila kumjua mwenyewe. Ile picha kubwa inayotangulia jeneza, yenye fremu na utepe mweusi, nyingi zilipita mikononi mwake. Ya baba yangu pia. Watu walimletea picha iliyokunjwa kwenye pochi miaka yote. Au walimletea picha ya harusi ya mtu mwingine, marehemu amesimama nyuma kabisa, amezibwa nusu na kilemba cha shangazi. Severa alimtoa humo. Aliziba mikunjo kwa brashi ya kwenye kompyuta, taratibu, mpaka uso ukarudi.

"Msinikimbize," alikuwa akisema. "Huyu hatapigwa nyingine."

Lakini wapo watu Kariakoo ambao mpaka leo wanasema Severa alimaliza vibaya. Wanasema alitetemeka. Wanasema mkono ulimwisha. Familia yake imeniomba jambo moja tu, nieleze kilichotokea kwenye mkono ule.

Severa alifanya kazi na Candida. Walikuwa wawili, kompyuta moja. Severa asubuhi, Candida mchana. Severa ndiye aliyemfundisha Candida kazi, akampa na chumba nyumbani kwake Ilala mpaka alipoolewa. Candida alimwita dada. Matilda, binti wa Severa, alimwita Candida mama mdogo.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, walikuwa na desturi yao. Programu ya kuhariri picha haisahau. Ukibadilisha brashi, ukaongeza ukubwa au ukapunguza uzito wa rangi, inabaki hivyo. Zima kompyuta, iwashe kesho, bado iko vilevile ulivyoiacha. Kwa hiyo anayetoka kwenye kiti alirudisha brashi kama walivyokubaliana, kisha akamwambia mwenzake. Jioni Candida akishafunga, alimtumia Severa ujumbe wa sauti: "Dada, nimekuachia brashi safi. Lala salama."

Na anayekaa hakagui. Kukagua ni kumwita mwenzako mwongo. Severa hakukagua hata mara moja.

Kisha asubuhi zikaanza kuharibika. Akivuta brashi juu ya mkunjo, rangi haikufuata mshale wa kwenye skrini. Iliruka pembeni vidoti vidoti, kama imeshikwa na mtu anayetetemeka. Shavu la marehemu likajaa madoa. Akafuta, akarudia. Madoa tena. Mchana, kwenye kompyuta ileile, Candida alichora na mstari ukatoka umenyooka.

Wateja wakaanza utani. "Mama wa Marangu, punguza mbege asubuhi!" Severa alicheka nao. Alikuwa hanywi pombe kabisa.

Matilda anakumbuka. "Mama alikuwa anasimama jikoni, ananyoosha vidole mbele ya dirisha, anavitazama. Akiniona, anajifanya anakung'uta maji."

Candida alimpeleka kupima macho. Alimshika mkono wakivuka barabara. Daktari akasema macho hayana tatizo, ni miwani ya kusomea tu. Wakiwa njiani kurudi, Candida akamwambia: "Basi ni umri, dada. Pumzika. Wateja wa asubuhi nitawabeba mimi."

Na Severa akamshukuru. Wasikilizaji wapendwa, alimshukuru.

Jirani yao ni Sejal, muuza fremu, kwenye duka aliloachiwa na baba yake, mzee Praful. Asubuhi moja kulikuwa na familia inasubiri picha. Gari la kusafirisha mwili kwenda Kilimanjaro lilikuwa limeshawashwa. Sejal akaingia na fremu kwapani. Mazungumzo yale amenisimulia mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Matilda. Bado tu?"

"Marahaba. Mkono umekataa, mwanangu. Waambie wamsubiri Candida."

"Msiba umsubiri Candida? Sogea, nijaribu."

"Wewe na brashi wapi na wapi?"

"Kuziba mkunjo tu, mama, sijengi ghorofa."

Sejal akashika mausi, akavuta. Vidoti vikaruka pembeni. Akautazama mkono wake, akacheka. "Jamani! Na mimi nimekunywa mbege?"

Severa hakucheka. Alimwambia: "Rudia." Sejal akarudia. Madoa yaleyale.

Wakafungua mipangilio ya ndani ya brashi, mahali ambapo Severa hakuwa na sababu ya kupafungua. Mtawanyiko ulikuwa umewashwa. Kazi yake ni kurusha rangi pembeni kwa makusudi, kwa mtu anayechora majani au vumbi. Hauna kazi kwenye uso wa mtu. Sejal akabofya alama ya brashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, akachagua irudi kama ilivyotoka kiwandani. Severa akakaa, akavuta. Mstari ukatoka umenyooka. Picha ikaisha, gari likaondoka.

Asubuhi iliyofuata mtawanyiko ulikuwa umewashwa tena. Na kwenye simu ya Severa ulikuwepo ujumbe wa jana jioni, sauti ileile, maneno yaleyale.

Severa alimsubiri Candida mpaka mchana. Sejal alikuwepo. Anasema Severa hakupaza sauti.

"Ulinishika mkono kwenda kupima macho. Ulikuwa unajua?"

"Dada, nilikuwa nakupumzisha tu," Candida akasema. "Ningekuambia, usingekubali."

Muda si mrefu Candida akafungua ofisi yake mtaa wa pili. Wateja wengi wakamfuata. Maneno ya mkono unaotetemeka yakawafuata pia, na hakuna aliyeyasahihisha.

Severa aliendelea na kazi mpaka alipougua mwaka huu. Mistari yake ilinyooka. Lakini kaka yake, Eliakimu, anasema dada yake hakuuamini tena mkono wake. "Akimaliza picha anamwita yeyote anayepita. Muuza karanga, mbeba mizigo. Anamwuliza, hebu tazama, imenyooka? Wanamwambia imenyooka, mama. Anamwita na mwingine."

Narudia, ili kila mtu wa Kariakoo asikie. Mkono wa Severa Lyaruu ulikuwa mzima. Ilikuwa ni brashi, na brashi ilibadilishwa na mtu.

Tunawapa pole Matilda, Eliakimu na ukoo wote, pamoja na majirani wa Msimbazi na Ilala. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tulimwambia amechoka, kwa sababu tu tulikitaka kiti chake?

Jambo la mwisho. Juzi Candida alipiga simu hapa kituoni. Aliomba jina lake lisomwe miongoni mwa wafiwa, kama mdogo wa marehemu. Nilimwuliza Matilda. Akasema: "Eleza kwanza habari ya mkono wa mama. Akishasikia, na bado akataka jina lake lisomwe, apige tena. Mtalisoma."

Tumeshaeleza. Laini ya studio iko wazi tangu kipindi kianze. Mpaka sasa ninapoagana nanyi, simu haijaita.