Fundi wa Kitanda cha Mama

Mkunga alikuwa ametoka zamu na alitaka kusinzia tu, lakini aliyekaa naye kwenye basi alikuwa seremala, na mdomo wa seremala huyo haukuwa na komeo.

"Nimemwajiri mtu katoka jela, dada. Kazi yake safi. Ila ukimtuma nje, anasimama mbele ya mlango akingoja afunguliwe. Miaka kumi na miwili hajashika kitasa."

Mkunga akacheka, usingizi ukamwisha. "Masikini. Nawe unamfungulia?"

"Namfungulia. Atazoea."

"Kwani aliiba nini?"

"Hakuiba. Alimuua mdogo wangu. Waligombana wamelewa."

Kicheko kikamkauka mkunga. Damu ameizoea, ndiyo kazi yake, lakini hili hakuwahi kulisikia. "Kaka, na unampa nyundo?"

"Na msumeno pia. Karakana zote alikopiga hodi walimfukuza. Nikimfukuza na mimi, atakwenda wapi?"

"Mama yenu anasemaje?"

Hapo seremala akashusha sauti, kwa mara ya kwanza tangu apande. "Hajui kuwa ndiye; mahakamani hakuwahi kufika. Kitanda anacholalia kakitengeneza huyohuyo, na kila akiamka anamwombea dua. Leo ndiyo nakwenda kumwambia."

"Usimwambie," mkunga akasema. Kisha akasema, "Au mwambie. Mimi sijui, kaka."

Basi likasimama. Kikongwe mmoja aliyekuwa akingoja kituoni akamdaka seremala mkono hata kabla hajamaliza kushuka. Mkunga alimsikia kupitia dirishani: "Na fundi wetu yuko wapi, mwanangu? Mbona umemwacha, na mimi nimempikia?"