Daftari Aliloacha Mwalimu Virginia Karimi

Mwalimu Virginia Karimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Kianjokoma, Embu, kifungua mimba wa Ciakuthii na marehemu Mzee Ndambiri, wakulima wa chai. Alisoma shule ya msingi huko huko. Jioni aliwafundisha mbuzi hesabu na kuwachapa waliokosa. Mama yake anasema hakuna aliyepita.

Alihitimu ualimu mwaka 1991, akatumwa shule moja ya msingi karibu na Kianjai, Meru. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa kanisani na Adrian Muchangi, fundi seremala. Walijaliwa Carol na Angeline.

Alisifika kwa hesabu. Kasoro yake hatuifichi, kwa kuwa mwenyewe alitukataza. Aliamini aibu humwamsha mtoto. Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani, alisoma matokeo akianzia wa mwisho. Novemba 2012 alianza na Kagwiria wa darasa la sita, ambaye muhula huo alikuwa amepanda kutoka alama tisa hadi ishirini na moja. Watu wakacheka. Januari mtoto hakurudi.

Mwalimu alimfuata nyumbani, akamkuta akipepeta maharagwe.

"Mwalimu, si ulinisoma wa mwisho mbele ya mama," Kagwiria alimwambia. "Sasa nirudi nisomwe tena?"

Tangu siku hiyo Mwalimu hakusoma tena nambari za watu. Kila mtoto alilinganishwa na alama zake mwenyewe za jana, na hata watoro wakaanza kuwahi shuleni. Kagwiria peke yake hakurudi. Mwalimu alienda kwao kila Jumamosi mpaka binti alipoolewa. Aliomba, alilia, akarudi mikono mitupu. Jambo hilo lilimla miaka yote.

Mei 2024 alipatikana na saratani ya koo. Tulihangaika naye hospitali hadi hospitali, tukaishiwa la kufanya. Sauti ilipokwisha, alituandikia kwenye karatasi: "Kagwiria amekuja?" Tulimjibu bado. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, akiwa bado anauliza.

Ameacha mumewe Adrian, mabinti Carol na Angeline, mjukuu mmoja na mama yake Ciakuthii. Ameacha pia daftari la hesabu ambalo Kagwiria alilisahau darasani. Chini ya ile ishirini na moja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umepanda kumi na mbili. Hongera. Nisamehe."

Kagwiria, tumeambiwa uko hapa, nyuma ya hema. Tunakusihi usiondoke kabla hatujamfukia. Njoo uchukue daftari lako, mwalimu wako apate kupumzika kwa amani.