Koti la Kuigizia

Mambo mengine ni rahisi kumwambia mtu usiyemjua. Ndani ya treni ya jioni, fundi cherehani alimsimulia mwashi aliyeketi karibu naye Krismasi ya nyumbani kwake. Hawana hela za matembezi, kwa hiyo kila mwaka wakishakula huigizana sebuleni mpaka mbavu ziwaume. Mumewe ndiye aliyeanzisha mchezo huo. Sasa ni marehemu, na kijana wao mkubwa anataka kumwigiza yeye, akiwa amevaa koti lake.

"Kaniletea nipunguze mikono," alisema. "Sijaligusa."

"Lipunguze, dada. Furaha ya bure hiyo, na wadogo zake watacheka."

"Kaka, kwako kila kitu ni kupachika tofali na kwenda zako."

Mwashi alikuna kidevu chenye vumbi la saruji. "Sawa. Sasa wasimtaje baba yao mpaka lini?"

"Wamtaje tu. Ila nikishapunguza ile mikono, koti halitamtosha tena mwenyewe."

Fundi akayasikia maneno yake mwenyewe, akainamisha uso. Treni ikasimama kwenye kituo cha fundi, na yeye bado ameketi.