Hakuliwa na Mwezi: Maisha ya Daktari Casilda Cuautle Merino

Ndugu, majirani wa San Lázaro Atempa, na ninyi akina mama mliokuja kutoka mbali na watoto wenu migongoni: leo Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, tunamzika Daktari Casilda. Tulipanga kumzika saa tano asubuhi. Jana Don Fulgencio Cuautle, binamu yake na mkuu wa ukoo wa upande wa baba, alimpigia simu Remedios, mpwa wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya.

“Binti, sogezeni mazishi. Saa tano jua litakuwa linapatwa, na nyumbani kwangu kuna wajawazito wawili.”

“Don Fulgencio, lakini si unajua marehemu alikuwa daktari wa nini?”

“Nilimjua tangu anatambaa. Sogezeni, bwana. Marehemu hana haraka.”

Tumesogeza hadi saa tisa alasiri. Hatukusogeza kwa sababu tumeamini. Marehemu alitaka sana watu wa nyumba ile wawepo siku hii na wasikie kwa masikio yao. Jua limeshaachiwa, wajawazito wamekuja na pini zao na tepe zao nyekundu kiunoni, kinga ya mtoto tumboni, na hakuna mwenye udhuru. Basi tusikilizane.

Daktari Casilda alizaliwa hapa Atempa tarehe 3 Novemba 1949, siku ambayo mji mzima huwa unashusha karatasi za rangi zilizotobolewa nakshi za Siku ya Wafu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Don Práxedes Cuautle na Doña Herlinda Merino, wote wakataji wa karatasi hizo. Doña Herlinda alikuwa fundi kuliko mumewe: patasi yake ilitoa mafuvu yenye meno madogo kama punje za mchele, na wanunuzi walimwulizia yeye kwa jina. Jambo hilo halikumpendeza Don Práxedes. Mwaka 1953 alizaliwa Delfina. Mwaka 1956 alizaliwa mvulana ambaye hakumaliza mwezi. Katikati zilitoka mimba nyingine. Kisha Machi 1960 mwezi ukapatwa, na Doña Herlinda, akiwa na mimba ya miezi minne, akatoka uani kuanua karatasi zilizoachwa nje, bila kinga ya ufunguo wala pini kiunoni.

Agosti akazaliwa Evelio. Kichwa chake kilikuwa kidogo, moyo wake ulikuwa na tundu, na alilia kwa sauti nyembamba isiyofanana na ya watoto wengine. Mama mzazi wa Don Práxedes alimfunua, akamtazama, akamfunika tena.

“Huyu ameliwa na mwezi,” alisema. “Na mama yake ndiye aliyemwandalia meza.”

Hukumu ikawa hiyo. Mwaka uliofuata Doña Herlinda alitolewa nyumbani kwa mumewe na watoto wake watatu na patasi zake, akahamia kwa kaka yake, upande wa pili wa uwanja wa kanisa, mahali ambapo kila Jumapili aliwaona waliomtoa na wao walimwona. Watoto wa mtaa walimwita Evelio “Makombo ya Mwezi.” Baadhi ya watoto hao leo ni wazee, wamekaa hapa mbele, wamevua kofia. Don Práxedes alioa tena. Mke wa pili naye alipoteza mimba mbili, na yeye akaambiwa kashtushwa na mbwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwezi na mbwa wote walikuwa na ugomvi na mwanamume yule yule.

Casilda alisoma shule ya msingi hapa Atempa na sekondari katika jiji la Puebla, akilala kwa shangazi wa mama yake na kulipa chakula kwa kukata karatasi. Mwaka 1967 aliingia shule ya udaktari, akahitimu mwaka 1974, kisha akaenda mji mkuu kujifunza magonjwa ya kurithi. Wenzake walimshangaa. Kazi ile, enzi hizo, ilifanywa kwa mkasi: unapiga picha ya kromosomu kupitia hadubini, unaikuza, unazikata moja moja, halafu unazipanga jozi kwa jozi kwa urefu na kuzigandisha kwenye kadi. Wengine waliharibu picha na kukata vidole. Yeye alikuwa anamaliza huku anapiga soga. Mwalimu wake alimwuliza alifundishwa wapi.

“Kwa mama yangu,” alijibu. “Yeye hukata vidogo zaidi, tena kwa nyundo.”

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Abundio Lezama, mwalimu wa kemia, mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kuimba. Walipoteza mimba tatu. Baada ya ya tatu, mwaka 1979, Casilda alijitoa damu mwenyewe, akapiga picha, akakata, akapanga. Jozi ishirini na moja zilikaa sawa. Mbili hazikukaa: kipande cha kromosomu moja kilikuwa kimevunjika na kuhamia kwenye nyingine, na cha hiyo nyingine kimehamia huku. Kwake hakikupungua kitu wala kuzidi, ndiyo maana alikuwa mzima na mwenye akili za kutosha kutisha watu. Lakini mtoto wake angeweza kurithi ile iliyozidi bila ile iliyopungua, au kinyume chake, na mimba ya mtoto wa namna hiyo mara nyingi hutoka, na isipotoka mtoto huzaliwa kama Evelio. Abundio alielezwa yote haya, akaelewa vizuri sana, na mwaka 1981 akachukua redio yake na viatu akaondoka. Ana watoto wanne kwa mke mwingine. Shada lake la maua limefika. Yeye hakufika.

Casilda hakukaa kulia. Alichukua damu ya Evelio, akakuta kile alichotarajia. Akachukua ya Delfina, akaikuta safi, na Delfina alilia kwa aibu, kana kwamba ameiba bahati ya dada yake. Mwisho akachukua ya mama. Alikata picha ile mara mbili, asije akawa amekosea kwa sababu ya mapenzi. Kila jozi ilikaa mahali pake. Ya mama ilikuwa safi. Basi kilichohama kilikuwa kimetoka kwa baba, na kwa baba kilitoka kwa waliomzaa, na kikulacho ki nguoni mwako.

Alikuja Atempa na kadi zake, akaenda kwanza kwa Don Práxedes, akamkuta uani ananoa patasi.

“Baba, hii ni yangu. Hii ni ya Evelio. Na hii ya mama, haina kasoro.”

“Kwa hiyo mwenye kasoro mimi.”

“Hakuna mwenye kasoro. Kipande kimehama tu, tangu kwa mababu.”

“Kikahama chenyewe, kama mama yako alivyohama!” Don Práxedes alicheka, na waliokuwa uani wakacheka naye. “Watu wanapeleka mabinti mji mkuu wanarudi na magari. Mimi wangu karudi na vikaratasi vya kunitukana.”

“Nyoosha mkono, Baba. Damu kidogo tu, tumalize ubishi.”

“Damu ya Cuautle haichezewi na mwanamke.”

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Kwa Cuautle ilikuwa nzito hata kutoka mshipani. Don Práxedes alifariki mwaka 1994 bila kuitoa, na ndugu zake wote wakamfuata kwa mfano huo.

Kukataliwa na baba hakukumvunja, alikuwa amekutarajia. Kilichomvunja ni jioni ile ile, jikoni kwa mama. Delfina alikuwepo na amesimulia mara nyingi. Casilda alipanga kadi mezani, akaeleza polepole, akamaliza kwa kusema, “Mama, si wewe. Hujawahi kuwa wewe.”

Doña Herlinda alizitazama zile kadi kwa jicho la fundi. “Umekata vizuri,” alisema. Kisha akazisukuma. “Lakini mimi nilitoka, mwanangu. Ufunguo niliuacha mezani. Niliuona na nikauacha, nikasema natoka mara moja tu.”

“Ufunguo hauhusiki, Mama.”

“Kama hauhusiki, basi nimefukuzwa bure? Miaka yote hii, mtoto wangu anatupiwa mawe, bure tu?”

Casilda alizirudisha kadi mbele ya mama yake.

“Niache na kosa langu,” alisema Doña Herlinda. “Nimeshalizoea.”

Alifariki Februari 1988, bado analishikilia. Alizikwa hapa, kwenye kiwanja cha Merino karibu na ukuta, kwa kuwa kaburi la familia la Cuautle halikuwa na nafasi kwa mwanamke aliyemlisha mwezi.

Daktari Casilda alifanya kazi miaka thelathini na sita katika hospitali ya umma ya jiji la Puebla. Alianza na chumba kimoja na hadubini ya kuazima, akaacha kliniki nzima. Alipanda milima kwa basi na kwa miguu kufuata familia zenye watoto ambao hakuna aliyejua wana nini, akala walichokula, akarudi na damu kwenye chupa zilizofungwa kwa soksi zisivunjike. Hakuwadanganya. Walipomwuliza dawa iko wapi, alisema haipo. Wapo waliomtemea mate kwa jibu hilo. Ugonjwa mmoja alioutambua yeye wa kwanza ulipewa jina la profesa wa ng'ambo aliyekuwa amepelekewa sampuli azithibitishe. Wanafunzi wake walitaka kugomba.

“Mwacheni alichukue,” aliwaambia. “Hakuna mama anayetaka mtoto wake aitwe Cuautle.”

Kila mama aliyeingia kwake alisikia sentensi ile ile kabla ya salamu kukauka: “Kabla sijasema lolote, ujue hukufanya kosa.” Wengine waliangua kilio papo hapo. Wengi waliamini, na wako hapa leo. Daktari alikuwa akisema, akiwa amechoka, kwamba ameaminiwa na maelfu ya akina mama isipokuwa mmoja.

Evelio aliishi naye tangu mama yao alipofariki. Madaktari walimpa miaka kumi. Ana sitini na mitatu na anadai maandazi ya mahindi matamu kila asubuhi. Daktari alimletea picha za kromosomu zilizoharibika, na Evelio alizikata na kuzigandisha apendavyo, ndefu na fupi, kisha akatangaza, “Hizi zimeoana!” Daktari alimjibu kwa uzito wote, “Hongera zao.” Ndizo harusi pekee tulizomwona akizifurahia.

Mei mwaka huu Daktari aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mganga hajigangi. Alikataa kulazwa, akarudi Atempa kwa Delfina, na hata kitandani aliendelea kupokea watu. Julai alikuja kwake mwanamke kijana wa ukoo wa Cuautle, kwa mlango wa nyuma. Hatutamtaja, siri ya mgonjwa ni siri. Alikuwa amepoteza mimba mbili, ana ya tatu changa, na alitaka kutolewa damu. Mkono ulikuwa umeshanyooshwa na kufungwa mpira pale mzee mmoja wa nyumba yao alipoingia bila hodi.

“Vaa sweta lako,” alisema mzee. “Wanawake wa kwetu hawana ugonjwa, wana uzembe.”

Msichana alivaa sweta. Daktari hakuwa na nguvu ya kuinuka. Usoni pake siku ile tuliona hasira ambayo hata maumivu hayakuwahi kuitoa, na tunaisema wazi kwa sababu hasira hiyo sasa ni yetu. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Evelio. Zilibaki wiki tatu atimize miaka sabini na minne.

Ukoo wa Cuautle umetuma salamu kwamba sasa nafasi ipo kwenye kaburi la familia, kwa heshima ya daktari mashuhuri. Tunashukuru. Atalala kando ya mama yake, karibu na ukuta.

Ameacha dada yake Delfina, kaka yake Evelio, wapwa wake Remedios na Hilario, watoto wa Delfina, na wanafunzi waliotapakaa nchi nzima. Mmoja wao, Daktari Amparo Tecuapetla, atakuwa nyumbani kwa Delfina kuanzia Jumatatu asubuhi. Binti uliyevaa sweta, mlango wa mbele uko wazi, na safari hii mlangoni atasimama Remedios.

Daktari aliagiza sentensi yake isomwe hapa mara ya mwisho, kwa sauti, mbele ya nyumba zote mbili. Doña Herlinda Merino: hukufanya kosa. Mwanao hakuliwa na mwezi. Kipande kilichohama kilitoka kwa mumeo, naye hakukijua, na alipoambiwa hakutaka kukijua.

Bibi, binti yako ameletwa kando yako. Kama bado huamini, muulize yeye. Mpumzike kwa amani, wote wawili.